"Mtoe Huyo!": Tunayoyaamini Jukwaani na Yalivyo Uwanjani

Kijiwe chetu kiko chini ya mwembe, Ng'ambo, Tabora mjini. Hapo fundi baiskeli, muuza kahawa na sisi wengine tusio na shughuli ya maana ikifika saa kumi jioni hukutana kufukuza makocha. Kwa hesabu yangu tumeshamfukuza kila kocha wa nyumbani aliyekanyaga Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, na wengine tuliwafukuza wakiwa wametoka kushinda. Timu yenyewe inabadilisha majina haraka kuliko sisi tunavyobadilisha jezi: Kitayosce, kisha Tabora United, na tangu 2025 ni TRA United. Maneno ya kijiweni ndiyo hayabadiliki. Nimeyasikia mpaka nikaanza kuyatumia na mimi. Kwa hiyo niliamua kuyaweka mezani, moja moja, nikiutazama zaidi msimu wa 2024/25, kwa kuwa ndio tulioubishania kuliko yote.

"Ukiweza kuifunga Yanga, hakuna wa kukufunga"

Hii ilizaliwa tarehe 7 Novemba 2024. Tuliwafunga Yanga 3-1, tena Chamazi, Dar es Salaam, wakiwa wao wenyeji. Shedrack Asiegbu alianza, Offen Chikola akaongeza mawili. Muuza kahawa wetu, ambaye vikombe vyake havinyamazi hata msibani, alisimama na birika mkononi bila kummiminia mtu mpaka kipyenga cha mwisho. Tangu hapo kila matokeo yakapimwa kwa yale. Sare na timu ya mkiani ikawa usaliti, kufungwa kukawa hujuma.

Tunachosahau ni hali waliyokuja nayo wenzetu. Siku tano nyuma walikuwa wamefungwa 1-0 na Azam, na katika mechi hiyo beki wao Ibrahim Hamad "Bacca" alilimwa kadi nyekundu mapema, kwa hiyo kwetu hakucheza. Nyuma palikuwa na pengo na vijana wetu wakalikimbilia. Sisemi hivyo kuupunguza ushindi, maana kuliona pengo na kulitumia ndiyo kazi yenyewe. Ila mechi iliyofuata hatukuwa na ruhusa ya kwenda na pengo lile la Yanga.

Halafu zile zilikuwa pointi tatu. Ukiwafunga KenGold, walioshuka daraja msimu huohuo, unapata hizohizo tatu. Mechi ni 30. Yanga walimwondoa kocha wao Miguel Gamondi siku chache baada ya kile kipigo, sisi tukatamba kana kwamba barua tuliandika wenyewe, na bado ikafika mwisho wa msimu wakiwa mabingwa kwa pointi 82, Simba nyuma yao na 78.

Sisi tulimaliza wa tano. Hapa ndipo ninapogombana na kijiwe kizima, maana nafasi hiyo inatajwa kwa kusonya. Jamani, msimu wa 2023/24 tulibaki Ligi Kuu kwa mechi za mtoano, roho mkononi, watu wanasikiliza redio kwenye simu huku wamefumba macho. Kutoka kule mpaka wa tano ndani ya mwaka mmoja, halafu mtu ananiambia kocha hakufanya kitu? Mimi naona ulikuwa msimu mzuri kuliko tulivyoustahili mashabiki wa aina yetu, wa kwenda uwanjani Simba na Yanga wakija.

"Hapangwi kwa sababu kocha ana chuki naye"

Hili ndilo linalopendwa kuliko yote, kwa sababu halihitaji ushahidi. Winga alicheza vizuri Jumamosi, mechi ya katikati ya wiki hayupo hata benchi. Basi, amegombana na kocha, au hajatoa kitu, au kuna mtu wa meneja anatafutiwa namba.

Msimu ule niliwahi kupita mazoezini asubuhi moja, nikiwa na dumu la asali la kumpelekea mtu upande ule wa mji. Kijana tuliyekuwa tunamlilia kijiweni wiki mbili nzima nilimkuta pembeni, peke yake. Paja la kulia lilikuwa limefungwa bandeji kutoka juu ya goti mpaka ndani ya bukta. Anakimbia kutoka kona hadi mstari wa katikati, taratibu, anarudi akitembea. Ukimwangalia hivyo unasema mzima kabisa. Kisha akaambiwa aongeze mwendo. Alipiga hatua nne, tano za nguvu, akasimama, akaweka mkono nyuma ya paja na kutikisa kichwa. Hakuna aliyemgombeza. Alipewa maji, akakaa chini.

Msuli wa nyuma ya paja ndivyo ulivyo. Mchezaji anaweza kutembea, kucheza muziki na kukimbia polepole bila maumivu, lakini msuli bado haujaweza kuvumilia mbio kali, na winga bila mbio kali ni mpita njia. Akirudishwa mapema huchanika tena palepale, na mara ya pili mara nyingi humweka nje muda mrefu zaidi. Klabu nayo haitangazi, kwa sababu haitaki mpinzani ajue. Kimya hicho sisi tunakijaza kwa majungu.

Kuna pia jambo dogo la kadi. Katika ligi yetu kadi tatu za njano zinakukosesha mechi inayofuata. Kiungo mkabaji mwenye mbili tayari anaweza kupumzishwa mechi nyepesi ili awepo kwenye ngumu. Tunaosahau kuhesabu ni sisi. Benchi la ufundi lina karatasi.

Sidai kwamba chuki haipo kabisa. Makocha ni watu. Ila kocha anayefukuzwa akipoteza mechi nne hana anasa ya kumwacha nje mtu wa kumwokoa kibarua.

"Mtoe huyo! Kocha kalala?"

Mzee mmoja hukaa safu ya juu yangu, na kila mechi dakika ya 70 ikigonga huanza. Siku moja beki wetu wa kushoto alikuwa amechoka, anashika magoti kila mpira ukitoka. Mzee akapaza sauti, jukwaa likamfuata, "mtoe, mtoe". Kocha kakunja mikono. Alirushiwa chupa ya maji, tupu kwa bahati nzuri.

Nilikuwa nimehesabu. Tulikuwa tumefanya mabadiliko matatu, mawili yakawa bado mkononi. Kwa macho ya jukwaa kocha alikuwa mkaidi. Lakini sheria inampa wachezaji watano ndani ya vituo vitatu tu vya kusimamisha mchezo, mapumziko yasipohesabiwa. Yeye alikuwa amebadilisha mmoja dakika ya 30 kwa jeraha, mwingine ya 55, mwingine ya 66. Vituo vimekwisha. Angekuwa na wachezaji ishirini benchi asingeweza kumwingiza hata mmoja.

Nikamgeukia mzee nikamwambia, "Shikamoo mzee, hana nafasi tena." Akaitikia marahaba, akanitazama kama ninamtetea mkwe, akaendelea kupiga kelele. Kosa la kulaumiwa, kama lipo, lilikuwa lile badiliko la dakika ya 66, lililofanywa peke yake wakati angeweza kuwatoa wawili kwa pamoja. Na dakika ya 66 sisi tulipiga makofi.

"Jina likishatangazwa, ni mchezaji wetu"

Picha ya mchezaji ameshika jezi si leseni. Akitoka nje ya nchi lazima hati yake ya uhamisho ya kimataifa ifike, na kuna kibali cha kazi na kuingizwa kwenye mfumo wa usajili kabla dirisha halijafungwa. Tabora tunalijua hili kwa machungu. Agosti 2023, mechi yetu ya kwanza Ligi Kuu, dhidi ya Azam huko Chamazi, tuliingia uwanjani wachezaji wanane, kwa sababu usajili wa wenzao ulikuwa haujakamilika. Feisal Salum wa Azam akafunga mabao matatu kabla watu hawajakaa vizuri, ikawa 4-0. Wawili wetu wakashindwa kuendelea, wakabaki sita. Sheria ya mchezo inataka wasipungue saba, refa akamaliza mpira. Kila mtu kijiweni anakumbuka matokeo. Sababu hawaikumbuki, ndiyo maana kila dirisha la usajili tunapanga kikosi kwa picha.

"Bao la nne ni ulafi"

Mnaongoza tatu, kocha anaingiza mshambuliaji, watu wanasema anadhalilisha wenzake, apumzishe vijana. Waulize Simba. Msimu wa 2023/24 wao na Azam walimaliza na pointi 69 kila mmoja. Azam walikuwa na tofauti nzuri zaidi ya mabao, wakashika nafasi ya pili na kwenda Ligi ya Mabingwa Afrika, Simba wakapelekwa Kombe la Shirikisho Afrika. (Ajabu ya mpira ni kwamba Azam walitolewa mapema, na Simba wakafika fainali. Lakini hilo huwezi kulipanga.) Kwa timu kama yetu tofauti ya mabao inafanya kazi huku chini zaidi. Wa 15 na wa 16 wanashuka moja kwa moja, wa 13 na wa 14 wanaingia mtoano, na pale katikati timu hubanana kama abiria wa daladala. Bao la nne la Oktoba linaweza kukuokoa mwezi Mei.

Kuhusu lile neno kwamba wachezaji wa kigeni wanawaziba wazawa nitasema kidogo tu: rudi kwenye yale mabao ya Chamazi. La kwanza la Mnigeria, mawili ya Mtanzania, na Mtanzania huyo mwaka uliofuata Yanga wenyewe wakaja kumchukua. Na kuhusu "kamati ya ufundi", ile ya waganga, isiyo na kocha ndani yake, mnajua ninayoisema, ingekuwa inafanya kazi Tabora tungekuwa tunachukua ubingwa kila mwaka.

"Nyumbani hatufungwi"

Nyumbani kuna faida, hasa ya miguu. Kutoka Dar es Salaam mpaka hapa kwa reli ni karibu kilomita 840, na timu inayokuja kwa basi hushuka imekakamaa viuno. Ila safari hiyohiyo tunaifanya na sisi, mara nyingi kuliko wao, kwa sababu timu nyingi ziko upande ule. Na Simba walikuja Februari 2025 wakatufunga 3-0. Yanga wakaja tarehe 2 Aprili, kocha akiwa Miloud Hamdi, wa pili tangu Gamondi aondoke, wakatufunga 3-0 pia.

Siku ya Yanga nilifika mapema. Nusu ya uwanja ilikuwa ya kijani na njano, na si wageni waliotoka Dar, ni majirani zangu, watu wa Isevya, Cheyo na Kanyenye ninaosalimiana nao sokoni. Mbele yangu alikaa jamaa wa kijiweni kwetu, mwenye sauti kuliko wote kwenye hoja ya "nyumbani hatufungwi", amevaa jezi ya Tabora, nzito kidogo kwa jinsi ilivyomkaa. Bao la pili lilipoingia akaivua polepole. Ndani alikuwa na ya Yanga.

Akageuka, akaniona.

"Kaka, joto hili."

Tulikuwa tumekaa kivulini.