Haliumi, kwa hiyo nini?

"Lilikuwa haliumi, dada, ndiyo maana nikalinyamazia."

Maneno haya, kuhusu donge la titi, nimeyasikia mara tatu wiki hii, na Ijumaa haijafika. Mara ya tatu ni binti wa miaka 26 kutoka Pongwe, kalala kwenye kitanda changu cha ultrasaundi hapa Ngamiani, Tanga, kanga imefunuliwa upande mmoja, mimi jeli mkononi. Uvimbe nimeupima: sentimita 3.4. Aliugusa akioga, kabla ya Ramadhani. Idi zote mbili zimeshaliwa.

Sijui nani aliyetufundisha kwamba maradhi mazito lazima yabishe hodi. Jino huuma. Jipu huuma. Matiti huuma siku chache kabla ya hedhi, tena yote mawili, kisha yakatulia. Ziwa la mama anayenyonyesha likiziba humtoa machozi. Hayo ndiyo yanayowaleta watu kwangu mbiombio, usiku wa manane wananipigia. Uvimbe wa saratani ukiwa mchanga kwa kawaida hauna moto wala usaha. Unakua mgumu, umejishikiza pale pale, haumsumbui mtu. Kwa hiyo mtu akiniambia "haliumi" akidhani ananituliza, mimi ndiyo kwanza navuta kiti.

Sasa hapa ndipo mnaponipeleka mrama. Nikishasema hivyo, kesho yake nasikia mtaani Makorora kwamba dada wa ultrasaundi kasema linalouma si saratani. Sikusema! Maumivu peke yake, bila donge, ni nadra kuwa saratani. Lakini donge ni donge, liume lisiume, na zipo saratani zinazouma. Iko hata ile inayokuja na wekundu na joto, titi lote limevimba ungedhani jipu. Mama anapewa antibayotiki, haponi, anapewa nyingine, na ya tatu. Dozi moja naielewa. Ya pili isitoke bila ultrasaundi, na titi likikataa kurudi hali yake, kichukuliwe kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama kikapimwe maabara.

Mengine mnayajua: ngozi kuwa kama ganda la chungwa la Muheza, chuchu iliyokuwa nje kuzama ndani, chuchu kutoa damu, kidonda cha chuchu kisichopona, mtoki kwapani. Yamo kwenye kila bango la Oktoba. Na sindano ya kinyama haienezi saratani. Hilo nitaligombania siku nyingine, leo sina pumzi.

"Bado mdogo" ndiyo sentensi ya pili inayonichosha, na hii mara nyingi inatoka kwetu wenyewe wa koti jeupe. Binti wangu wa Pongwe alikwenda mahali, siku ya tatu baada ya Idi ndogo, shangazi yake kamkokota. Akaambiwa ni mdogo, saratani ni ya watu wazima. Akapewa paracetamol. Kwa donge lisilouma.

Niwatendee haki wenzangu. Madonge mengi ya wasichana ni fibroadenoma (uvimbe usio saratani) au vifuko vya maji, na hatari ya binti wa miaka 25 kweli ni ndogo. Hata mkisikia kwamba Afrika saratani ya matiti inawaandama vijana, kumbukeni taifa letu lenyewe ni la vijana. Hata ugonjwa unaopanda na umri utaonekana umejaa vijana. Nikiona kitu laini, kingo safi, kinateleza chini ya kidole, nami huwaza fibroadenoma, na mara nyingi nimepatia. Ila baadhi ya saratani, hasa zile ambazo seli zake hazina vipokezi vya homoni (mahali homoni inapojishikiza) wala protini iitwayo HER2, hujileta kwenye skrini zikiwa mviringo, zimetulia kama mtoto wa chuo mbele ya ustadhi. Zimeshanidanganya. Moja niliiandikia kwa mkono wangu "yaelekea haina madhara", kinyama kikanikanusha. Ndiyo maana sipendi kuachiwa hukumu peke yangu: kidole cha daktari, picha yangu na kinyama vikae pamoja, na kimoja kikigoma turudi mwanzo.

(Na msinidai mamografia, ile eksirei ya titi, mkiwa na miaka 25. Titi la kijana limeshikana, hutoka jeupe kwenye filamu, na uvimbe nao ni mweupe. Ultrasaundi kwanza.)

Lakini linalonikera kuliko yote ni "ka". "Dada, nina kauvimbe kadogo tu." Umekapima kwa kipimo gani? Mnaingia chumba cha daktari mmeshalifinya donge kwa ulimi kabla hajaligusa, yeye anaandika "kauvimbe", na kwenye foleni ya watu hamsini kauvimbe husubiri. Semeni hivi: uvimbe, titi la kushoto, juu kuelekea kwapani, ulikuwa kama punje ya kunde Mfungo Mosi, sasa ni kokwa la embe, hedhi mbili zimepita haujaondoka. Kusubiri hedhi moja nakuruhusu, mbili hapana. Kisha uliza: kama si hicho unachodhani, kinaweza kuwa nini kingine? Nirudi lini? Akikujibu "usiwe na wasiwasi", mwombe kwa adabu zote aandike kwenye cheti kwamba ameona hakuna haja ya kipimo. Nimeona kalamu ikisita hapo, kisha ikaandika ultrasaundi.

Na kujipapasa matiti kila mwezi? Nimelifundisha miaka mingi, kwenye vikao vya kina mama, kwa titi la sponji. Kule Shanghai wafanyakazi wa kike wa viwanda vya nguo zaidi ya 260,000 waligawanywa makundi mawili, moja likafundishwa kujipapasa na kukumbushwa mara kwa mara. Matokeo yalichapishwa 2002: vifo havikupungua, kilichozidi ni vinyama vya madonge yasiyo na madhara. Niliposoma nilinuna siku mbili. Siku hizi nasema tu lijue titi lako lilivyo siku ya kawaida, likibadilika uje. Kama hili nalo linaokoa maisha siwezi kuapa. Ninachokiona ni kwamba anayekuja na sentimita moja na nusu na anayekuja na sita hawapandi basi moja pale stendi ya Kange kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam: yule wa kwanza bado ana la kuchagua kuhusu titi lake.

Shirika la Afya Duniani linataka mgonjwa apate jibu ndani ya siku 60 tangu afike kituo cha afya mara ya kwanza. Nikihesabu tangu siku ya paracetamol, binti wa Pongwe jana alikuwa siku ya 74. Kabla hajatoka nilimfanyisha mazoezi, mimi daktari, yeye yeye. Mara ya kwanza akasema "kauvimbe", tukacheka, akarudia.

Leo mchana kanitumia ujumbe: "Dada, nimesema kama tulivyofanya. Kinyama kimechukuliwa. Mahali pa sindano panauma."