Apdeti ya Windows imeganda? Angalia taa ya diski kabla ya kushika swichi

Asilimia zinazotokea kwenye kioo Windows inapojisasisha hazipimi muda. Inaweza kupanda hadi 20 kwa dakika chache, ikakaa kwenye 27 saa nzima, na ndani kazi inaendelea vizuri tu. Laptop nyingi za mtumba zinazouzwa Mbeya na Iringa zina RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka, mara nyingi ile ya mizunguko 5,400 kwa dakika. Apdeti kubwa ya mwaka kwenye mashine ya namna hiyo inaweza kula saa tatu au nne, na siiti hiyo kuganda. Yenye SSD, diski isiyozunguka, humaliza mapema zaidi.

Kwa hiyo mimi huangalia taa ya diski. Ikipepesa, hata kwa kusitasita, acha. Kama laptop haina taa, sogeza sikio usikilize diski, kisha bonyeza Caps Lock: taa yake ikiwaka na kuzima, mfumo bado unakusikia. Taa ikiwa kimya, Caps Lock haijibu, na asilimia haijasogea kwa saa tatu, hapo ndipo nasema imeganda.

Ikikwama kwenye 0% wakati wa kupakua, anza na saa ya kompyuta. Betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama ikichoka, kila ukichomoa umeme tarehe inarudi miaka ya nyuma; vyeti vya usalama vya seva vinakataliwa na upakuaji hauanzi. Watu hubadilisha modemu, wanalaumu mtandao, kumbe ni betri ya volti 3. Cha pili ni hotspoti: kama Wi-Fi ya simu yako umeiwekea alama ya metered connection, yaani mtandao wa bando la kupimwa, Windows huzuia apdeti nyingi kusudi, isikumalizie bando. Kwenye Settings, ingia Windows Update, Advanced options, fungua Delivery Optimization uhakikishe kompyuta yako haigawi mafaili kwa watu wa intaneti. Steshenari yenye kompyuta kadhaa iruhusu kugawana kwenye mtandao wa ndani tu.

Nafasi nayo. Kosa 0x80070070 maana yake diski imejaa. Kwa apdeti kubwa napendekeza GB 20 ziwe wazi kwenye C.

Kama saa, mtandao na nafasi viko sawa na bado imekwama, huenda mafaili yaliyopakuliwa nusu yameharibika. Fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike mistari hii moja moja; inasimamisha huduma za apdeti, inabadili majina ya folda zake, kisha inaziwasha tena:

net stop wuauserv
net stop bits
net stop cryptsvc
ren C:\Windows\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.old
ren C:\Windows\System32\catroot2 catroot2.old
net start cryptsvc
net start bits
net start wuauserv

Ukiambiwa folda inatumika, huduma mojawapo imejiwasha tena, rudia kuzisimamisha. Orodha ya apdeti za zamani itaonekana tupu, usishtuke, zenyewe zimebaki.

Baada ya hapo endesha DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, kisha sfc /scannow. Usigeuze mpangilio. Sfc huchukua mafaili mazima kutoka ghala la Windows, na DISM ndiyo inayotengeneza ghala hilo. DISM inapenda kusimama kwenye 62.3% kwa muda mrefu. Iache.

Ikiwa imeganda baada ya kujiwasha upya, chomoa flashi, printa, modemu na diski ya nje, halafu shikilia swichi kwa sekunde kumi. Mara nyingi Windows itarudisha mambo yalivyokuwa. Isipowaka, ikatize mara mbili au tatu inapoanza kuwaka, ikupeleke kwenye ukarabati. Ingia Troubleshoot, Advanced options, Uninstall Updates, uondoe quality update (apdeti ndogo ya kila mwezi) ya mwisho. Diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda data, utadaiwa ufunguo wa tarakimu 48, kwa hiyo uandike mahali salama kabla ya kuanza.

Huku kwetu, kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua na radi hukata umeme bila kubisha hodi, na Tukuyu ndiyo usiseme. Laptop yenye betri iliyokufa usiianzishie apdeti wingu likiwa limetanda. UPS ndogo hubeba desktop dakika chache tu: inavuka mkatiko mfupi, haimalizi apdeti kubwa.

Wenye Windows 10 wajue msaada wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine isiyojiandikisha kwenye nyongeza ya apdeti za usalama haijakwama, haina apdeti ya usalama ya kupokea.

Kwa ofisi yenye mashine kumi na bando moja, pakua mara moja kutoka Microsoft Update Catalog kwa namba ya KB, ile inayotambulisha kila apdeti, ukichagua x64 (Windows ya biti 64 kwa prosesa za Intel au AMD) na toleo lilelile la Windows. Windows 11 24H2 inaweza kukupa mafaili ya .msu, yaani ya kusakinisha apdeti, mawili au zaidi. Yahamishe yote kwa flashi hadi folda moja kwenye diski ya kila kompyuta, mfano C:\apdeti. Usiyafungue moja kwa moja kutoka folda ya mtandao, yanaweza kugoma. Kisha andika DISM /Online /Add-Package /PackagePath:C:\apdeti\ na jina la faili lenye namba ya KB uliyoitafuta. Yale mengine DISM itayachukua yenyewe humohumo.