Nakala ya kushikika ni nini, na kwa nini si sawa na leseni

Nakala ya kushikika ni kazi iliyofungwa ndani ya kitu: kitabu cha karatasi, santuri, kanda ya kaseti, CD, DVD, katriji ya mchezo wa video. Ukiwa nayo mkononi, kazi yenyewe iko hapo hapo, na hakuna wa kuulizwa kama unaruhusiwa kuifungua leo. Upande wa pili kuna filamu, nyimbo na vitabu tunavyovipata kwa akaunti. Unalipa kila mwezi ukasikiliza, au unabonyeza "Nunua" na jina la kitabu linaingia kwenye maktaba ya simu yako.

Mabishano juu ya pande hizi mbili mara nyingi huishia kwenye ladha. Mmoja atasifu mkwaruzo wa santuri, mwingine atauliza nani bado ana redio ya kaseti. Ladha tuiache. Jambo zito ni kwamba wanunuzi hawa wawili hawakununua kitu cha aina moja, hata kama walilipa bei ileile.

Ukinunua kitabu cha karatasi, hujanunua riwaya. Haki ya kuichapa upya, kuitafsiri au kuitengenezea filamu inabaki kwa mwandishi au mchapishaji. Ulichonunua ni nakala moja, na juu ya nakala hiyo una uhuru mpana: muazime jirani, iuze, warithishe watoto, au uichane kurasa ufungie karanga ukitaka. Wauza vitabu vya mitumba wanaopanga bidhaa yao kando ya njia katikati ya Dar es Salaam au Nairobi wanaishi kwa uhuru huo. Hakuna mchapishaji anayewadai chochote kwa kitabu ambacho kimeshauzwa.

Wachapishaji hawakuukubali uhuru huu kirahisi. Nchini Marekani, kampuni ya Bobbs-Merrill ilichapisha onyo ndani ya riwaya yake moja: bei ni dola 1, na muuzaji atakayeshuka chini ya hapo atahesabiwa amevunja hakimiliki. Duka la Macy's la New York likaiuza kwa senti 89. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1908 majaji wakaamua kwamba mwenye hakimiliki akishauza nakala, hana tena kauli juu ya bei itakayouzwa huko mbele. Mwaka uliofuata kanuni hiyo iliingizwa kwenye sheria ya hakimiliki ya nchi ile. Ndiyo huitwa kanuni ya mauzo ya kwanza. Ulaya wana inayofanana nayo: haki ya mwenye kazi kudhibiti usambazaji wa nakala huisha nakala hiyo inapouzwa mara ya kwanza.

Soma tena lile onyo la Bobbs-Merrill. Lilikuwa jaribio la kukiuza kitabu pamoja na masharti yasiyoisha. Kwenye karatasi lilishindwa. Kwenye skrini limefaulu, na jina lake ni leseni.

Leseni ni ruhusa ya kutumia kazi kwa masharti. Hali yako ni ya mpangaji: unalala ndani na funguo unazo, lakini nyumba ina mwenyewe na mkataba una vifungu. Vifungu hivyo vimo kwenye yale masharti marefu ambayo karibu kila mtu huyakubali bila kuyasoma. Humo utakuta kwamba ruhusa ni yako peke yako, haihamishiki, na mtoaji anaweza kubadilisha huduma. Steam, duka kubwa la michezo ya kompyuta, haliruhusu mtu kumhamishia mwingine akaunti yake. Baba mwenye michezo mia mbili humo hana cha kuandika kwenye wosia.

Karatasi ya masharti peke yake isingeweza kufanya mengi. Nguvu yake inatoka kwenye kufuli la kidijitali. Faili unalopakua limesimbwa, yaani limevurugwa makusudi lisisomeke, na ufunguo wa kulifungua hutolewa na programu baada ya kuithibitisha akaunti yako kwenye seva, yaani kompyuta kuu, ya kampuni. Ndiyo maana nyimbo ulizopakua Spotify, huduma ya muziki ya mtandaoni, zinahitaji uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo zinaacha kucheza. Zimo kwenye simu yako, zimekula nafasi yako, umezilipia bando lako, lakini hazifunguki.

Kisa kinachotajwa zaidi ni cha Julai 2009. Baadhi ya Wamarekani wenye Kindle, kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu vya kielektroniki, walikuta vitabu viwili walivyovinunua vimetoweka. Amazon iligundua kwamba aliyeviweka dukani hakuwa na haki navyo nchini humo, ikavifuta kwenye vifaa vya wateja kwa mbali na kuwarudishia fedha. Vitabu vyenyewe vilikuwa vya George Orwell: Animal Farm, ambacho wasomaji wetu wanakijua kama Shamba la Wanyama, na 1984, riwaya ya serikali inayofuta maandishi ya jana. Mtu angetunga kisa hicho angeambiwa amezidisha chumvi. Mwanafunzi mmoja alibaki na maelezo aliyokuwa ameyaandika pembeni mwa kurasa ambazo hazipo tena. Jeff Bezos, mkuu wa Amazon wakati huo, aliomba radhi hadharani, lakini uwezo wa kufuta ulikuwa umeshaonekana.

Miaka 10 baadaye, 2019, Microsoft ilifunga duka lake la vitabu. Hapa hakukuwa na kosa la mtu yeyote; biashara haikuwalipa. Vitabu vyote vikaacha kufunguka, wateja wakarudishiwa fedha zao. Fedha kurudi ni uungwana, ila tazama kilichotokea: vitabu vilikufa kwa sababu duka limefungwa. Vitabu vya karatasi havifi muuzaji anapofunga kibanda chake.

Kwa nini basi kanuni ya mauzo ya kwanza isitumike mtandaoni? Imejaribiwa. Kampuni ya ReDigi ya Marekani ilifungua soko la kuuziana nyimbo za kidijitali zilizokwishatumika, na mfumo wake ulijaribu kuhakikisha muuzaji habaki na faili. Mahakama ya rufaa iliikataa mwaka 2018. Hoja yake ni ya kiufundi na inafaa kueleweka: faili halisafiri kama kitabu. Likihama kutoka mashine moja kwenda nyingine, kinachofika ni nakala mpya, na kutengeneza nakala mpya ni haki ya mwenye kazi. Mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya nayo ilikataa uuzaji wa vitabu vya kielektroniki vilivyotumika, katika shauri la duka la mtandaoni la Tom Kabinet la Uholanzi. Maktaba nazo zimebanwa na mantiki hiyohiyo. Mwaka 2011 mchapishaji HarperCollins alianza kuziuzia maktaba vitabu vya kielektroniki vinavyoweza kuazimwa mara 26 tu, kisha leseni inanunuliwa upya.

California ndiyo iliyojaribu kusema ukweli dukani. Tangu Januari 1, 2025, sheria ya jimbo hilo inakataza duka la kidijitali kumwambia mteja "nunua" bila kumweleza wazi kwamba anachopata ni leseni, isipokuwa kama bidhaa inaweza kupakuliwa na kutumika bila intaneti daima. Sheria haikumpa mteja haki mpya hata moja. Imemwondolea kisingizio cha kushangaa, basi.

Hadi hapa mtu anaweza kudhani jibu ni kukimbilia dukani kununua diski. Polepole. Mchezo wa mbio za magari wa The Crew, uliotolewa na Ubisoft mwaka 2014, uliuzwa pia kwenye diski ndani ya boksi. Machi 31, 2024 kampuni ilizima seva zake, na kwa kuwa mchezo haukuweza kuendeshwa bila seva hizo, diski zote zikageuka plastiki. Mwaka 2025 Nintendo, kampuni ya michezo ya video ya Japani, ikaleta kadi za mchezo ambazo ndani hazina mchezo, zina ufunguo tu. Ukiichomeka, lazima kwanza upakue mchezo wenyewe. Vitu vya namna hiyo vinashikika, vina jalada zuri, vinauzika mitumba, lakini kazi haimo ndani. Mimi sivihesabu kuwa nakala za kushikika. Kipimo ni kama kazi nzima iko kwenye kile ulichokishika na inafunguka bila ruhusa ya seva ya mtu.

Plastiki nayo ina maradhi yake. Kanda ya kaseti kwenye unyevunyevu wa pwani huota ukungu, utepe hunyooka, sauti ikaanza kuyumba. CD ya kuchoma mwenyewe kwenye kompyuta huhifadhi data kwenye tabaka la rangi, na rangi hiyo huharibiwa na jua. Diski iliyoachwa kwenye dashibodi ya daladala haina maisha. Flashi na memori kadi huhifadhi data kwa chaji ya umeme ambayo huvuja polepole, kwa hiyo kuzifungia kabatini miaka mingi ni kujidanganya. Santuri ndiyo yenye roho ngumu. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi taarabu, na santuri za enzi hiyo, zile nzito zinazovunjika kama sahani, bado zinaweza kusomwa kwa sindano. Ila sindano na mashine vitafutwe, na hilo ni gharama nyingine.

Afrika Mashariki tuna sababu zetu za kulijadili hili, na hazifanani kabisa na za Wamarekani. Bendi za dansi za Tanzania zilirekodi kwa miongo kadhaa kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyingi ya nyimbo hizo hazikuwahi kutoka kama santuri. Zilibaki kwenye kanda kubwa za redio na kwenye kaseti ambazo wasikilizaji walizirekodi wenyewe nyumbani, kidole juu ya kitufe, wakimwomba mtangazaji asiongee juu ya gitaa. Sehemu kubwa ya zilipendwa na taarabu ya zamani unayoikuta YouTube leo ilipandishwa na watu waliokuwa na kaseti au santuri sandukuni. Mtandao haukuihifadhi, ulikabidhiwa na waliohifadhi. Na kukabidhi si kuhifadhi: mwaka 2019 MySpace, mtandao wa kijamii wa zamani, ilikiri kupoteza nyimbo zilizopandishwa humo kwa kipindi cha miaka 12 hivi; zilipotea wakati wa kuhamisha seva. Mwanamuziki aliyekuwa hana nakala nyingine hakuwa na pa kwenda.

Kisha kuna intaneti yenyewe. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania na majirani zake wakabaki na mtandao wa kuburuza. Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti Tanzania ilizimwa kwa siku kadhaa. Siku kama hizo mwenye nyimbo kwenye flashi anaendelea kusikiliza.

Hapo lakini kuna jambo ambalo hatupendi kulisema. Flashi nyingi za mitaani zimejazwa na kijana wa kibandani kwa bei ya chai, na msanii hakuona senti. Tumezoea kuwa na faili bila haki, wakati mwenye akaunti iliyolipiwa ana haki bila faili. Tunapoilaumu leseni tukumbuke kwamba kwa msanii, malipo madogo ya kutiririsha, yaani ya kusikilizwa moja kwa moja mtandaoni, yanazidi sifuri ya kibandani, na kwamba CD halali ya mwanamuziki wa hapa siku hizi ni vigumu hata kuipata.

Kati ya diski na leseni kuna kitu cha tatu ambacho watu hukisahau: faili lisilo na kufuli. Duka la GOG huuza michezo ya kompyuta kwa namna hiyo, na Bandcamp huuza nyimbo. Unapakua, unanakili kwenye diski yako ya nje, na duka likifungwa kesho faili bado linafunguka. Kisheria huenda bado ni leseni, na kuliuza tena huwezi. Kwa matumizi ya kawaida, hata hivyo, limekaribia sana nakala ya kushikika, na linaizidi kwa jambo moja: unaweza kuliweka sehemu tatu tofauti bila ubora kupungua hata chembe. Mimi kwa kazi ninazozijali hutafuta hilo kwanza, kisha karatasi au diski kamili. Leseni naiachia vitu vya kutazama mara moja na kusahau, ambavyo kusema kweli ndivyo vingi.

Kama hujui ulichonunua kiko kundi gani, kulijaribu ni rahisi. Zima data na Wi-Fi, chukua faili lako, lihamishie kwenye kifaa kingine ambacho hakina akaunti yako, kisha ulifungue. Likifunguka, unayo nakala. Likikuomba uingie kwenye akaunti, unayo leseni, na hapo ndipo inafaa kurudi kusoma vile vifungu.