Kiharusi cha Joto si Kiharusi, Wala si Homa

Kila kaskazi inapovuma na joto la mwambao kupanda, husikika mtu akisema kuwa fulani ameanguka kwa "homa ya jua", na mwingine akishauri apewe panadol, afunikwe shuka na kuachwa alale. Ushauri huo unaweza kuua. Kiharusi cha joto ni hali ya dharura ambayo joto la ndani ya mwili hupita nyuzi 40 za Selisiasi na ubongo kuanza kushindwa kazi, hata mgonjwa akachanganyikiwa, akapayuka, akapata degedege au akapoteza fahamu.

Jina lenyewe limechangia upotofu. Kwa Mswahili, kiharusi ni maradhi ya mshipa wa damu wa ubongo kuziba au kupasuka, na alama yake inayojulikana zaidi ni kupooza upande mmoja wa mwili. Kiingereza hutumia neno moja, lenye maana ya pigo, kwa hali zote mbili, nasi tukalifuata katika kufasiri. Waarabu wao husema darbat shams, yaani pigo la jua, na hakuna anayedhani kuwa aliyepigwa na jua amepooza. Mgonjwa wa kiharusi amepooza, ilhali wa kiharusi cha joto anatakiwa kupozwa, na tofauti ya herufi moja isitufanye tuchanganye matibabu.

Linalonisumbua zaidi ni neno homa. Tulilipata kutoka Kiarabu, hummā, nalo ni la maradhi, ambapo joto ni neno la Kibantu lenye mzizi mmoja na kuota, kama tunavyoota moto au jua. Katika homa, ubongo wenyewe, ukiwa unapambana na vimelea, hupandisha kiwango cha joto unachokitaka, na ndiyo maana mgonjwa wa malaria hutetemeka na kuomba blanketi ilhali mwili wake unachoma. Paracetamol hukirudisha chini kiwango hicho. Katika kiharusi cha joto kiwango hakikupandishwa na yeyote: mwili unataka kupoa lakini umezidiwa, kwa kuwa joto la nje pamoja na lile linalozalishwa na misuli ni jingi kuliko linalotoka. Mwambaoni hali huwa ngumu zaidi, maana hewa imejaa unyevu, na jasho linalodondoka bila kukauka halimpozi mtu. Dawa ya homa haina cha kushusha hapo, na inaweza kulidhuru ini ambalo joto limekwisha kulijeruhi.

Wapo pia wanaosema kuwa anayetoka jasho hajafikia hatari. Hilo si kweli kwa mchanganya zege au mkimbiaji, ambaye anaweza kulowa chapachapa na bado akawa amefikwa. Ngozi kavu huonekana zaidi kwa wazee na watoto. Kipimo cha kutazama ni akili yake: je, anajua alipo na anajibu sawasawa?

Mahujaji waliofariki Makka katika joto la Juni 2024 walizidi 1,300 kwa hesabu ya serikali ya Saudia, wengi wao wakiwa wametembea mwendo mrefu juani bila kivuli. Kinga ni kunywa maji kabla ya kiu, kukwepa kazi nzito za mchana, na kumpa mgeni wa joto wiki moja hadi mbili za kuzoea kidogo kidogo.

Kwa hiyo ukimsikia mtu akitaja homa ya jua, mwambie kwa upole kwamba aliyeanguka na kuchanganyikiwa juani hahitaji shuka wala kidonge. Apelekwe kivulini, avuliwe nguo za juu, amwagiwe maji ya baridi mwili mzima huku akipepewa, asinyweshwe chochote ikiwa fahamu zimepungua, na gari la kumpeleka hospitali liitwe wakati maji yanaendelea kumwagwa.