Chai Isubiri Saa Nne

Katika Kiswahili chetu mlo wa asubuhi wenyewe unaitwa chai. Ukikutana na mtu saa mbili asubuhi unamuuliza kama ameshakunywa chai, hata kama unachokusudia ni chapati na maharage, mihogo ya kuchemsha au kiporo cha wali wa jana. Mimi ni mtaalamu wa lishe, na kwa miaka kumi na minne nimewahudumia kinamama katika kliniki za mkoa wa Tanga. Kadiri miaka inavyopita ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba desturi iliyomo ndani ya jina hilo ni mojawapo ya sababu zinazowafanya wanawake wengi wanaokula vizuri waendelee kupungukiwa damu.

Nianze na dada mmoja, muuza mitumba, aliyefika kliniki akiwa na mimba ya miezi mitano. Akipanda ngazi chache tu alikuwa anahema, moyo unamwenda mbio, na viganja vyake vilikuwa vimepauka. Kipimo cha wingi wa damu kilisoma 9.1, ilhali mjamzito hatakiwi kuwa chini ya 11, na mwanamke asiye na mimba hatakiwi kuwa chini ya 12. Alikuwa ameshapewa vidonge vya kuongeza damu, vile ambavyo wengi wetu tunaviita FEFO, naye alikuwa anavimeza bila kukosa. Nilipomuuliza anakula nini, alijibu kwa unyonge: "Dokta, hayo maharage na mchicha mnayotuambia nakula kila siku. Nimechoka kuambiwa nile mchicha." Alikuwa anasema kweli kabisa. Kosa lilikuwa letu sisi wahudumu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza chakula hicho anakiteremshia na nini. Asubuhi alikula chapati, maharage na kikombe kikubwa cha chai ya rangi, na kidonge alikimeza kwa chai hiyo hiyo ili moyo usimchafuke. Mchana alikula wali, maharage na mchicha, kisha akanywa chai nyingine kwa jirani yake pale sokoni.

Madini ya chuma ndiyo yanayouwezesha mwili kutengeneza chembe nyekundu za damu. Mwili wa mtu mzima una takriban gramu 3 hadi 4 tu za madini hayo, na kila siku hupoteza kama miligramu 1. Mwanamke anayepata hedhi hupoteza zaidi, na mjamzito anahitaji zaidi ya wote kwa sababu anatengeneza damu yake na ya mtoto. Miligramu moja inaonekana ni kitu kidogo, lakini tatizo halipo kwenye kiasi kilichomo katika sahani. Lipo kwenye kiasi ambacho utumbo unakubali kukipokea. Chuma kinachotokana na nyama, maini, kuku na samaki hupokewa vizuri, pengine robo yake nzima ikaingia mwilini. Kile cha maharage, kunde, mchicha, matembele na nafaka hupokewa kwa shida, mara nyingi chini ya sehemu moja ya kumi. Tuchukulie sahani ya maharage yenye miligramu 4, na utumbo upokee asilimia 5 tu: kilichoingia ni miligramu 0.2. Hapo bado hujamimina chai.

Majani ya chai yana tanini, na hiyo ndiyo inayoufanya ulimi ukauke pale chai inapokuwa nzito. Tanini ikikutana na chuma cha mimea hukishika na kukifunga, na kilichofungwa hivyo hakipiti kwenye ukuta wa utumbo bali hutoka na choo. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 1983 ulionyesha kwamba kikombe cha chai kilichonywewa pamoja na mlo wa hambaga kilipunguza upokeaji wa chuma kwa asilimia 64, na kikombe cha kahawa kwa asilimia 39. Kumbuka kwamba mlo huo ulikuwa na nyama ndani yake. Kwenye sahani ya maharage matupu, ambayo tegemeo lake lote ni chuma cha mimea, sina sababu ya kutarajia nafuu.

Siku ile nilichukua glasi mbili, nikamimina chai ya rangi isiyo na sukari katika zote mbili, kisha nikaponda kidonge kimoja cha FEFO na kuutia unga wake kwenye glasi moja. Nikakoroga. Chai ile nyekundu iliyokuwa inapitisha mwanga wa dirishani ikaanza kufifia, ikawa ya kijivu, halafu ikawa nyeusi kama wino, na si kwa mfano tu, kwa maana kwa karne nyingi watu walitengeneza wino kwa kuchanganya chuma na tanini za mimea. Yule dada aliiinua glasi, akaitazama kwa upande wa dirisha, akairudisha mezani bila kusema neno. Kisha nikakamulia ndimu ndani yake, na weusi ukapungua. Tumbo la mtu si glasi, nalo lina tindikali yake, lakini tangu siku hiyo sijapata njia nyingine ya kulieleza jambo hili inayoeleweka upesi kuliko hiyo.

Ndimu na machungwa ndiyo upande wa pili wa habari hii. Vitamini C inafanya kazi iliyo kinyume na ile ya tanini: inakiweka chuma cha mimea katika hali ambayo utumbo unaweza kukipokea, na ikiwepo ya kutosha katika mlo ule ule inaweza kuongeza upokeaji huo mara mbili au zaidi. Hapa kwetu Tanga nalitazama jambo hili kwa uchungu kidogo. Majani ya chai yanalimwa juu kwenye milima ya Usambara, ambako Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti cha Amani mwaka 1902 na kuotesha mimea mingi ya kigeni. Chini ya milima hiyo hiyo ipo Muheza, ambayo nchi nzima inaijua kwa machungwa. Mazao hayo mawili yanateremka kwa barabara zile zile, lakini chai inabaki mezani kwetu mara tatu kwa siku, na machungwa yanapakiwa kwenye malori yaende Dar es Salaam na Nairobi. Msimu ukichanganya, chungwa ndiyo dawa ya bei nafuu kuliko zote ninazoweza kumwandikia mtu.

Chungwa moja la wastani lina takriban miligramu 70 za vitamini C, kiasi kinachotosha kwa mlo mmoja. Pera lina nyingi zaidi, na papai na embe pia yanafaa. Ndimu ni nzuri lakini ni ndogo, kwa hiyo kamua nzima, tena uikamulie kwenye sahani wakati wa kula. Wengi huitia kwenye sufuria maharage yanapochemka, na vitamini C haivumilii moto. Kachumbari ya nyanya, pilipili hoho na kabichi mbichi inafanya kazi hiyo hiyo, na nashangaa kwa nini tumeitenga kwa ajili ya pilau na nyama choma, vyakula ambavyo vina nyama tayari, ilhali maharage ndiyo yanayoihitaji. Ukiweza, ongeza kijiko cha dagaa au kipande kidogo cha samaki. Mbali na chuma chake chenyewe, nyama na samaki huwezesha chuma cha maharage yaliyomo kwenye sahani hiyo kupokewa vizuri zaidi.

Je, tuache chai? Hapana, na sijawahi kumwambia mtu aiache, kwa sababu ushauri wa namna hiyo husikilizwa kliniki na kusahaulika getini. Ninachoomba ni kuisogeza. Watafiti wa Uingereza walichapisha mwaka 2017 matokeo yanayoonyesha kwamba wanawake walioinywa chai saa moja baada ya kula walipunguziwa madhara yake karibu nusu, wakilinganishwa na walipoinywa pamoja na chakula. Mimi huwaambia wasubiri saa mbili ikiwezekana. Tena utaratibu wenyewe tunao, kwa kuwa maofisini na mashuleni ipo chai ya saa nne. Anayekula saa moja asubuhi na kunywa chai saa nne ameuacha mlo wake upumue, na chai hiyo bado iko mbali na chakula cha mchana. Wakati wa Ramadhani, futari iteremshwe kwa juisi ya ukwaju au ya chungwa, na chai ingoje watu watoke kwenye tarawehe. Wazee wa barazani wanaokunywa kahawa chungu na kashata jioni, kati ya mlo na mlo, tayari wanafuata kanuni hii bila kuambiwa na mtu.

Huulizwa sana kama maziwa yanaondoa tatizo. Hayaliondoi, na kalisi ya maziwa nayo inapunguza upokeaji wa chuma kwa kiasi fulani. Chai za viungo na za majani mengine zinatofautiana nguvu, lakini nyingi zina kemikali za jamii hiyo hiyo, basi zipewe nafasi ile ile ya saa nne.

Linaloniumiza zaidi ni watoto. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015 hadi 2016 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, na kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 idadi ilikuwa asilimia 58. Mtoto huzaliwa na akiba ya chuma aliyopewa na mama yake, na akiba hiyo hupungua sana anapofikia miezi sita, wakati ambapo ndipo anapoanzishiwa chakula. Mara nyingi namkuta mtoto wa miezi minane analishwa mkate uliochovywa kwenye chai ya rangi yenye sukari, na mama anaamini amemlisha. Mtoto huyo amejaza tumbo dogo kwa kitu kisicho na chuma, na hata kile kidogo alichokipata kwenye uji kimefungwa na tanini. Mtoto mdogo hana haja yoyote ya chai. Mpe uji uliotiwa dagaa waliosagwa, maharage yaliyopondwa, kiini cha yai au ini lililoiva vizuri, na juu yake vijiko vichache vya papai. Nafaka ya uji ukiweza iloweshe na kuiotesha, uikaushe na kuisaga kama kimea, kwa kuwa kuota kunapunguza kemikali nyingine ndani ya punje ambayo nayo hufunga chuma.

Kuhusu vinywaji vyekundu nitasema kwa kifupi. Wekundu wa rozela na wa kiazisukari ni rangi ya mmea tu, haina uhusiano na damu. Juisi hizo si mbaya, lakini anayezitegemea badala ya vidonge anajichelewesha.

Kwa upande wa vidonge, vimeze kwa maji au juisi ya chungwa, visikutane na chai wala maziwa. Choo kitakuwa cheusi, na hilo si jambo la kutisha. Vikikuchafua moyo, mwambie mhudumu wako akushauri muda mwingine, kwa mfano kabla ya kulala, badala ya kuviacha kimyakimya.

Tena si kila upungufu wa damu unatokana na chakula. Wazee wetu walikuwa na neno safura kwa mtu aliyepauka kwa sababu ya minyoo inayonyonya damu utumboni, na mara nyingi walimtambua kwa kupenda kula udongo. Hamu hiyo ya udongo hadi leo ni dalili ninayoiuliza kila mara, kwa sababu wengi wenye upungufu wa chuma wanayo, na udongo wenyewe unaweza kukishika chuma na kuongeza tatizo. Malaria, hedhi nzito na seli mundu navyo hupunguza damu kwa njia zao. Mgonjwa wa seli mundu aliyeongezewa damu mara nyingi anaweza kuwa na chuma kilichozidi, hivyo asinunue vidonge dukani bila kupimwa. Na mwenye kipimo cha 9 kama yule dada haponyeki kwa machungwa pekee.

Yeye hatukumbadilishia dawa. Alihamishia kidonge usiku, akakimeza kwa maji, akaanza kula chungwa na maharage yake ya asubuhi, na alitibiwa minyoo kama utaratibu wa kliniki unavyotaka. Wiki kumi baadaye kipimo kilisoma 11.2. Siwezi kusema ni kiasi gani kilitokana na lipi. Aliniuliza kama sasa anaweza kurudisha chai yake ya asubuhi, nikamwomba aiache hapo hapo saa nne mpaka ajifungue na amalize vidonge vyote alivyoandikiwa, kwa sababu damu ikishapanda bado akiba ya mwili inachukua miezi kadhaa kujaa.