Kiungo Kilichochelewesha Magari ya Kuvuta kwa Mbele Ufaransa

Historia ya magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele kwa kawaida husimuliwa kuanzia gari la Kifaransa, Citroën Traction Avant, la mwaka 1934. Mimi, ninayefundisha ufundi wa magari, huwaanzishia wanafunzi wangu mahali pengine, kwenye kiungo cha shafti, yaani cha mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu, kwa kuwa wazo lenyewe lilikuwapo Ufaransa tangu zamani. Gari la mvuke la Nicolas-Joseph Cugnot, lililokusudiwa kukokota mizinga ya jeshi karibu na mwaka 1770, lilisukumwa na gurudumu lake moja la mbele, na mwishoni mwa karne ya 19 Georges Latil alitengeneza ekseli ya mbele yenye injini, iliyoweza kufungwa kwenye gari la farasi na kuchukua nafasi ya wanyama.

Ugumu ulikuwa kwamba gurudumu la mbele hupokea nguvu ya injini na wakati huohuo hugeuka kufuata usukani, hivyo shafti inayolizungusha haina budi kukunjika huku ikizunguka. Kiungo cha kawaida cha msalaba, chenye uma mbili zilizounganishwa kwa kipande chenye umbo la msalaba, hukunjika vizuri, lakini hakipitishi mwendo kwa usawa: hata kama upande wa injini unazunguka kwa kasi isiyobadilika, upande wa gurudumu huharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Kikikunjwa nyuzi 10, tofauti hiyo ni takriban asilimia 1.5 tu, na dereva haihisi. Kikikunjwa nyuzi 30, kama inavyotokea kwenye kona kali, kasi hushuka kwa asilimia 13 na kupanda kwa asilimia 15, usukani hutetemeka mikononi, na meno ya gia pamoja na matairi huumia.

Jibu lilitoka kwa Pierre Fenaille, aliyeshirikiana na rafiki yake Jean-Albert Grégoire, na kiungo chao kikapewa hataza (haki ya kisheria ya uvumbuzi) mwaka 1926. Kina vipande vinne: uma mbili za pembeni na vipande viwili vya kati, kimoja chenye ulimi na kingine chenye mfereji, vinavyoteleza ndani ya mwenzake. Kwa hakika ni viungo viwili vilivyowekwa mgongo kwa mgongo, na kosa la kasi linalozaliwa na cha kwanza hufutwa na cha pili. Waliunda magari yao wenyewe kwa jina la Tracta huko Asnières, na mwaka 1927 Grégoire mwenyewe aliendesha mojawapo katika mbio za saa 24 za Le Mans. Magari hayo yalikuwa machache, lakini kiungo kilisafiri mbali: kampuni ya magari ya Adler ya Ujerumani ilikitumia, na wakati wa Vita Kuu ya Pili kilifungwa kwenye magari ya kijeshi ya Washirika yaliyoendeshwa na magurudumu yote manne. Kwa maoni yangu, Fenaille anastahili kutajwa kwanza kuliko mtu mwingine yeyote katika habari hii.

André Citroën alimwajiri mhandisi André Lefèbvre mwaka 1933, na Traction Avant ikazinduliwa Aprili 1934, muda mfupi mno kwa chombo chenye mambo mapya mengi kiasi kile: bodi isiyo na chesisi (fremu ya chini) ya pekee, breki za haidroli, na kuvuta kwa mbele. Giaboksi ya kubadilisha gia yenyewe iliyokusudiwa ilishindwa, ikabidi ile ya kawaida ya gia tatu ibuniwe haraka. Viungo vya shafti navyo vilisumbua katika magari ya mwanzo. Gharama zikaizidi kampuni, ikafilisika Desemba 1934 na kuangukia mikononi mwa Michelin. Citroën mwenyewe alifariki Julai 1935. Gari lake liliendelea kutengenezwa hadi 1957.

Hata hivyo, kiungo kizuri kilibaki kuwa ghali. Citroën 2CV, iliyooneshwa Paris mwaka 1948 kama gari la watu wa kipato kidogo, ilipewa viungo vya msalaba vya kawaida kwenye magurudumu, na dereva aliyekanyaga mafuta huku amekata usukani hadi mwisho alihisi gari likishtuka-shtuka. Viungo vya kasi sawa, yaani vinavyopitisha mwendo bila kuubadilisha kama kile cha Fenaille, vilianza kufungwa kwenye gari hilo katika miaka ya 1960.