Mashine haiui sikio! Maswali ninayoulizwa kila siku kliniki

Kazi yangu ni kupima masikio na kufunga mashine za kusikia, na haipiti wiki bila kukutana na mashine nzima kabisa iliyolala kabatini. Majuzi mzee mmoja kaja na yake ndani ya kopo la pipi, imeviringishwa kwenye leso, mwaka mzima, betri bado ina stika yake. Namuuliza babu kulikoni, mwanae ndo anajibu, eti majirani walisema inaua sikio.

Kupungua kusikia si uzee tu?
Uzee upo, ila kuna kelele za kiwandani, kuna usaha wa sikio usiotibiwa, kuna sindano kama za jentamaisini (dawa ya kuua bakteria), na wengine ni nta tu imejaa inatolewa siku hiyohiyo. Dalili ya kwanza mara nyingi unasikia mtu anaongea ila maneno huyashiki. Njoo upimwe, basi.

Nikianza kuvaa mashine si itamaliza sikio lililobaki?
Hapana. Mashine iliyosetiwa kwa kipimo chako haiui sikio. Najua hii hadithi inatoka wapi, mtu akishazoea kuvaa, siku akiivua anaona dunia imekuwa kimya kuliko zamani, anasema ona imenimaliza. Hujamalizwa! Ulikuwa umesahau tu ulivyokuwa husikii, kama mtu wa miwani akivua miwani. Kinachokumaliza ni kukaa miaka bila kusikia, ubongo unasahau kuchambua maneno alafu ukija kwangu baada ya miaka 10 nakupa sauti ya kutosha lakini maneno bado yanakupita.

Kwaiyo nivae nikienda kanisani au harusini?
Hilo nalo ni kosa. Harusini kuna muziki, vigelegele, watu 300 wanaongea pamoja, hapo hata mwenye masikio mazima anahangaika, wewe ndo unaenda kujaribia mashine hapo? Anza nyumbani pakiwa kimya, saa 2 au 3 kwa siku, ongeza taratibu mpaka uvae kutwa nzima. Sauti yako mwenyewe itakuwa ya ajabu na vijiko vitakukera, vumilia wiki kadhaa, ikizidi rudi nikupunguzie. Usirudishe kabatini.

Mtaani kuna vimashine vya bei rahisi, nichukue?
Yani mashine iliyopimwa unaiogopa inaua sikio, alafu hiki kisichojua hata sikio lako limepungua wapi unakichomeka bila wasiwasi! Vingi vinakuza kila kitu, mlango ukibamizwa na wenyewe unakuzwa. Hapo ndo pa kuogopa.

Mbona inapiga miluzi?
Moldi, yani kile kipande kinachoingia sikioni, haijakaa vizuri au sikio lina nta. Kwa mtoto mara nyingi sikio limekua moldi imebaki ndogo, anahitaji nyingine. Na nta usiifuate na njiti ya kiberiti, nawaomba sana.

Betri zinaisha haraka.
Hizi betri zinatumia hewa. Ukibandua stika imeshaanza kuisha, kuirudishia hakusaidii. Bandua, subiri kama dakika moja, ndo uweke. Usiku acha kimlango cha betri wazi, na jasho likauke. Betri ziwe mbali na watoto, akimeza au akijitia puani kimbia hospitali muda huohuo, usikae kusubiri itoke chooni.

Nimeamka sikio moja limezima, niweke mafuta ya kitunguu?
Usiweke kitu. Nenda leo kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kama ni mshipa wa kusikia umepata shida kuna dawa, na zinafanya kazi vizuri zaidi zikianza siku za mwanzo, wiki 2 zikishapita nafasi inapungua sana. Watu wanakuja kwangu miezi mitatu baada ya sikio kuzima wanataka mashine, kumbe siku ya kwanza pengine sikio lingerudi. Leo, sio litazibuka lenyewe.

Nyumbani tuongeeje na babu?
Msimuite kutoka jikoni. Mguse bega, akuone mdomo, ongea kawaida bila kupiga kelele maana ukipiga kelele maneno yanapinda. Akikosa sentensi ibadilishe maneno, usimwambie "basi achana nayo", hiyo inawauma kuliko mnavyodhani. Na TV izimwe kwanza.